Shajara ya mradi: faili la familia ya Tabitha Brown, mjane aliyefika Oregon 1846

Lengo na hali ya kazi

Mradi huu unakusanya katika faili moja historia ya familia ya Tabitha Moffatt Brown. Alizaliwa Brimfield, Massachusetts, 1 Mei 1780. Alifiwa na mumewe 1817, akaingia Oregon kwa njia ya nchi kavu mwishoni mwa 1846, akafa Salem, Oregon, 4 Mei 1858, siku 3 baada ya kutimiza miaka 78. Mwaka 1987 bunge la jimbo lilimtunuku jina la Mama wa Oregon, kwa hiyo habari zake zimetapakaa. Shida ni kwamba karibu zote zinachotwa kwenye kisima kimoja, nayo ni barua ndefu aliyoiandika Forest Grove, Agosti 1854, kwa ndugu zake. Mtu anaweza kusoma makala kumi kuhusu mama huyu akawa amesoma barua ile ile mara kumi.

Kazi yetu ni kutafuta karatasi zilizo nje ya barua, na hapo ndipo ujane unapoleta ugumu. Makarani wa Marekani wa zama hizo waliandika mkuu wa kaya, mwenye ardhi na mpiga kura. Mjane anayeishi kwa mwanawe au mkwewe hakuwa yeyote kati ya hao. Kwa hiyo anatafutwa katika karatasi za wengine: mumewe marehemu, mwanawe Orus Brown, mkwewe Virgil Pringle, wajukuu, na mchungaji aliyefanya naye kazi.

Kila taarifa inapewa daraja kabla ya kuingizwa katika programu ya nasaba. Daraja A ni karatasi iliyoandikwa wakati wa tukio na mtu aliyekuwepo. Daraja B imeandikwa na aliyekuwepo, ila baadaye. Daraja C ni masimulizi ya kizazi kilichofuata, hata yakiwa yamechapishwa kwenye kitabu kizuri. Daraja hupewa taarifa, si karatasi nzima. Barua ya 1854 ni B inaposimulia safari ya miaka minane nyuma, lakini ni A inapotaja mali aliyokuwa nayo mwezi ule. Ukiipa barua nzima daraja moja, ama utaiamini kupita kiasi ama utatupa sehemu yake iliyo bora.

Majina yanayogongana

Hili lilipaswa kutangulia kila kitu, kwa sababu ndilo linaloharibu miti mingi ya ukoo huu.

Jina Clark lina watu watatu. Mchungaji Clark Brown ndiye mume, aliyefariki 1817 bila kuiona Oregon. Mchungaji Harvey Clark ni mmisionari wa Uwanda wa Tualatin, Oregon, aliyeanzisha pamoja na Tabitha makao ya watoto. Clark Pringle ni mjukuu, mtoto wa binti yake. Ukitafuta kwa neno Clark pekee, matukio ya watu watatu yatajipanga kwenye maisha ya mmoja, na mume aliyekufa 1817 ataonekana akigawa viwanja 1851.

John Brown pia ni zaidi ya mmoja. Kapteni John Brown, mzee wa miaka 77 aliyesafiri na Tabitha 1846, ni ndugu wa mume, yaani shemeji yake. Watoto walimwita baba mdogo au mkubwa kwa Kiingereza chao, na barua inafuata mazoea hayo ya nyumbani, kwa hiyo msomaji wa haraka humweka kama ndugu wa baba yake Tabitha. Wapo pia wanaomfanya mume, kwa kuwa wazee wawili wenye jina moja la ukoo wanasafiri pamoja. Kando yake kuna John Mattocks Brown, mtoto wa Tabitha aliyekufa angali mdogo. Hawa wawili tumewapa namba mapema na kuandika uhusiano wao kwa maneno kamili, si kwa mstari wa mchoro peke yake.

Dawa ya Brown na Clark ni kuvua kwa majina adimu. Orus, Manthano, Pherne (binti wa Tabitha) na Virgil Pringle (mume wa Pherne) hayajirudii ovyo. Kwenye fahirisi za mtandaoni tunatafuta pia Oris, Orris na Horace badala ya Orus, na Pherna, Phebe na Fern badala ya Pherne, kwa sababu walionakili mwandiko wa mkono walikisia. Moffatt hujaribiwa kama Moffat, Moffett na Moffitt. Na kila utafutaji wa Salem huwekewa jina la jimbo, maana Massachusetts nayo ina Salem yake, kongwe kuliko ya Oregon.

Upande wa mashariki

Sehemu hii ilikwenda upesi. Miji ya Massachusetts iliandika vizazi, ndoa na vifo tangu ukoloni, na daftari nyingi za hadi 1850 zimechapishwa kwa mpangilio wa alfabeti. Baba ni Dk. Joseph Moffatt, mama ni Lois Haynes. Ndoa na Clark Brown ni ya 1799. Watoto ni wanne: Orus, Manthano, John Mattocks na Pherne.

Angalizo moja. Matoleo yaliyochapishwa hupanga ndoa mara mbili, chini ya jina la mume na chini ya jina la mke, na tarehe zikitofautiana, mara nyingi moja ni ya tangazo la kanisani na nyingine ya ndoa yenyewe. Tunaandika zote mbili, kila moja na aina yake.

Clark Brown alihamahama. Alikuwa mchungaji Brimfield. Mwaka 1806 alikuwa Montpelier, Vermont, akianzisha gazeti la Vermont Precursor. Alimalizia maisha Maryland akiwa mchungaji wa Kiepiskopali. Kwa hiyo watoto wanne hawatafutwi katika mji mmoja. Anayeshikilia Brimfield hukosa wadogo na kudai hawakuandikwa. Baada ya mumewe kufa, Tabitha alifundisha shule Maryland ili kulea watoto, kisha 1824 akahamia nao Missouri, eneo la St. Charles.

Missouri: kumpata mtu asiyetajwa jina

Sensa za 1830 na 1840 zinataja jina la mkuu wa kaya tu. Wengine ni tarakimu katika safu za umri, wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine. Siku rasmi ya kuhesabu ilikuwa 1 Juni. Tabitha, aliyezaliwa 1 Mei 1780, alikuwa na miaka 50 na mwezi mmoja katika sensa ya 1830, na 60 na mwezi mmoja katika ile ya 1840. Kwa hesabu hiyo anapaswa kuwa safu ya 50 hadi chini ya 60, kisha safu ya 60 hadi chini ya 70. Lakini amevuka mpaka kwa siku 31 tu, na karani aliyeambiwa umri kwa kukadiria humtupa safu ya nyuma. Kwa hiyo tunapekua kaya za Brown na Pringle katika kaunti ya St. Charles, tunachukua kila mwanamke aliye katika safu inayomfaa Tabitha au ile iliyo nyuma yake, kisha tunawatoa mmoja mmoja kwa kulinganisha na umri wa watu wengine wa kaya. Safu ya wazee pekee haithibitishi kitu. Pale umri wa mke, mume na watoto wote unapolingana na familia tunayoijua, na anabaki mwanamke mmoja mzee asiye na nafasi nyingine, taarifa inaingia kwa alama ya kukisiwa.

Mzizi wa safari ya magharibi ni Orus. Alikwenda Oregon katika msafara mkubwa wa 1843, akarudi mashariki 1845 pamoja na kundi la Dk. Elijah White, akawashawishi ndugu zake. Manthano alibaki Missouri. Katika mti, tawi lake linaishia jimbo lile na halihitaji kutafutwa Oregon, jambo linalookoa muda mwingi.

Safari ya 1846: karatasi mbili mezani

Hapa ndipo faili linapokuwa nene, na ndipo kazi ilipokaa muda mrefu kuliko kwingine.

Karatasi ya kwanza ni shajara ya Virgil Pringle, mkwe. Inaanza Aprili 1846 na inakwenda siku kwa siku: maili walizotembea, majani ya maksai, maji, kuni. Ni kavu kama shajara zote za njia ile, na ukavu huo ndio thamani yake. Mtu anayeandika usiku kwamba wametembea maili kadhaa na majani ni haba hana sababu ya kujitukuza. Ni daraja A. Karatasi ya pili ni barua ya Tabitha, daraja B, yenye moyo na ucheshi wote unaokosekana kwa mkwewe.

Utaratibu wa kuzilinganisha: jedwali la safu nne. Safu ya kwanza tarehe ya Pringle, ya pili mahali, ya tatu tukio la barua, ya nne kiwango cha uhakika kwamba ni tukio lile lile. Barua haina tarehe nyingi, inasema Aprili, Agosti, Krismasi. Kwa hiyo hatuilazimishi barua ipate tarehe. Tunaiachia dirisha, mfano kati ya siku waliyofika mahali fulani na siku walipoondoka. Anayejaza tarehe kamili kutoka kwenye barua anabuni.

Mambo makuu yanayosimama ni haya. Walitoka Missouri Aprili. Tabitha alikuwa na miaka 65 wakati wa kuondoka na akatimiza 66 njiani, 1 Mei. Vitabu husema 66 tu, nasi tunaandika vyote viwili. Kundi la Orus lilitangulia kwa siku chache na kushika njia ya zamani ya mto Columbia, likafika makazi ya bonde la Willamette, Oregon, Septemba. Kina Pringle, Tabitha na Kapteni John walifika Fort Hall, kituo cha biashara njiani, Agosti, wakakutana na mtu aliyewahakikishia kwamba kuna njia mpya ya mkato kusini.

Njia hiyo ndiyo iliyopimwa kiangazi hicho hicho na Jesse Applegate, nduguye Lindsay, Levi Scott na wenzao. Inaachana na njia ya California kwenye mto Humboldt, inakata jangwa la Black Rock, inapita eneo la Klamath, inavuka milima kuelekea mto Rogue, kisha inapenya korongo la Umpqua na kuingia Willamette kutoka kusini. Tabitha anamwita aliyewaelekeza laghai. Hasira hiyo tunaiandika kuwa maoni ya shahidi, si hukumu. Kina Applegate walikuwa na sababu ya kutafuta njia nyingine: 1843 kila mmoja wa ndugu hao wawili alipoteza mtoto wa kiume kwa kuzama katika mto Columbia. Njia ilikuwepo kweli na iliendelea kutumika miaka iliyofuata. Kilichowaua watu na wanyama 1846 ni kwamba haikuwa imesafishwa vya kutosha kwa magari, walichelewa, na mvua za vuli zikawakuta korongoni.

Korongo la Umpqua ndilo lililommalizia Tabitha mali yake. Barua inasimulia mizoga ya ng'ombe, magari yaliyovunjika, matandiko na nguo zilizotupwa, na yeye kupita kwa siku 3 akiwa juu ya farasi, gari lake na kila kitu chake kikiwa kimepotea. Baadaye chakula kilipokwisha, Pringle na Pherne walimsihi atangulie na Kapteni John ili kuwafikia waliokuwa mbele, wao wakibaki siku chache wanyama wapate nguvu. Waligawana nyama ya mwisho. Fungu lake lilikuwa vipande 3 vya bekoni, pamoja na kikombe kimoja cha majani ya chai. Mzee akaugua njiani, akaanguka kutoka kwenye farasi, akapayuka. Tabitha alitandika turubai la gari kuwa hema, akamfunika, akakesha kwenye mvua. Kulipokucha ilibainika kwamba magari waliyokuwa wakiyatafuta yalikuwa nusu maili tu mbele.

Kisa hiki kinasimuliwa mno, na kila msimulizi huongeza kitu. Faili letu linashika yaliyomo ndani ya barua tu. Mbwamwitu, kwa mfano, wamo katika barua wakilia kumzunguka, lakini katika masimulizi ya baadaye idadi yao inakua, na nyongeza hizo tumezipa daraja C. Ila kuna jambo moja la nje ya barua tunalolithamini: mjukuu Octavius Pringle, aliyekuwa kijana wa miaka 14 hivi safarini, aliacha kumbukumbu zake za njia ile. Ni daraja B kama barua, lakini ni jicho lingine, na shahidi wa pili wa daraja B ana uzito kuliko nakala kumi za wa kwanza.

Orus aliposikia kwamba wasafiri wa kusini wanakufa njaa alitoka haraka na farasi 4 wa mizigo wenye chakula, akamkuta Pringle, kisha wakamfikia mama yao. Tabitha aliingia Salem siku ya Krismasi 1846, saa 8 mchana, katika nyumba ya mchungaji wa Kimethodisti.

Senti sita na robo

Kisa cha sarafu kinahitaji maelezo kwa msomaji wa leo. Tabitha anasema alihisi kitu kwenye ncha ya kidole cha glavu, akadhani ni kifungo, kumbe ni sarafu ya senti 6¼. Marekani haikuwahi kutengeneza sarafu ya thamani hiyo. Ni nusu reali ya Kihispania, iliyotumika madukani kote, kwani fedha za Kihispania zilikuwa halali nchini Marekani hadi 1857. Kwa hiyo kisa si ngano kwa sababu ya sarafu, kama anavyoweza kudhani mtu asiyejua fedha za wakati ule.

Alinunua sindano 3, akabadilisha nguo zake kuukuu na wanawake wenyeji wa bonde ili apate ngozi laini ya paa, akashona glavu na kuziuza. Faida ikazidi dola 30. Wanawake wale hawana majina katika karatasi yoyote tuliyonayo, na barua inawaita kwa neno ambalo leo ni tusi. Kwenye faili wameingia kama washiriki wa biashara hiyo, kwa maelezo ya kwamba bonde lilikuwa nchi ya Wakalapuya. Bila ngozi zao sindano 3 hazikuwa na kazi.

Ardhi: faili la mkwe, si la mjane

Sheria ya Ardhi ya Oregon ya 27 Septemba 1850 ilitoa ekari 320 (hekta 129.5) kwa mwanamume mzungu mseja, na ekari 640 kwa wanandoa, nusu ikiwa kwa jina la mke mwenyewe, ikiwa walikwishafika kabla ya 1 Desemba 1850. Masharti yalikuwa kukaa na kulima kwa miaka 4. Mjane wa siku nyingi, aliyeingia bila mume, hakuwa mlengwa wa sheria hiyo. Marekebisho ya Februari 1853 yaliwagusa wajane kiasi, lakini mali anayoitaja Tabitha ni ya mjini, si shamba la ekari mamia. Ni tofauti na sheria ya makazi ya 1862 (Homestead Act), iliyotumika sana nyanda za kati, ambayo ilimpa mjane haki ya kuomba ekari 160 kwa jina lake akiwa mkuu wa familia. Wanaotafiti wajane wa Nebraska na Dakota huja Oregon na mazoea hayo na kurudi mikono mitupu.

Lakini faili la ardhi la mwanamume aliyeoa ni hazina kwa historia ya mama mkwe. Ili kupata ile nusu ya mke, ilibidi ndoa ithibitishwe. Ndani yake huwa na tarehe na mahali pa kuzaliwa mwombaji, tarehe na mahali pa ndoa, siku ya kufika Oregon, siku ya kuanza kukaa, na viapo vya mashahidi wawili au zaidi. Mashahidi mara nyingi ni majirani au wakwe, kwa hiyo jina la shahidi nalo linaingizwa. Faili za Orus Brown na Virgil Pringle ndizo mlango wetu.

Hatua za kulipata faili. Filamu za Hifadhi ya Taifa ya Marekani, namba M815, zina mikanda 108 ya faili hizi. Zimepangwa kwa ofisi ya ardhi kwanza, na kwa eneo hili ofisi ni Oregon City. Ndani ya ofisi zimepangwa kwa namba ya cheti cha mwisho. Hapo ndipo wengi hupotea: mwombaji alikuwa na namba mbili, ya taarifa ya awali na ya cheti, na fahirisi zilizochapishwa hutaja mara hii, mara ile. Ukifungua mkanda na kukuta mtu mwingine kabisa, faili halijapotea. Umeshika namba ya taarifa badala ya cheti.

Kisha ramani. Upimaji wote wa Oregon unaanzia Jiwe la Willamette, magharibi ya Portland, lililowekwa Juni 1851. Salem iko safu ya 7 kusini, safu ya 3 magharibi ya jiwe hilo. Mashamba ya wahamiaji yalikuwepo kabla ya wapimaji, hayakufuata miraba, kwa hiyo mipaka yake inaelezwa kwa pembe na minyororo (mnyororo mmoja ni mita 20.1). Kila eneo la upimaji lina miraba 36, na mashamba haya yalipewa namba kuanzia 37 kwenda juu ili yasichanganyike nayo. Ukiona namba 52 kwenye ramani, hilo ni shamba, si mraba. Jina la Pringle halihitaji hata ramani ya kale: kijito cha Pringle kinapita Salem hadi leo.

Tunaandika pia, katika kila ukurasa wa ardhi, kwamba Bunge la Marekani liligawa ardhi hii 1850 kabla ya mkataba na Wakalapuya. Mkataba ulitiwa saini Januari 1855, na watu walihamishiwa hifadhi ya Grand Ronde 1856. Historia ya familia isiyotaja hilo ina shimo katikati.

Tualatin: hesabu ya unga

Oktoba 1847 Tabitha alikwenda kumtembelea Orus katika Uwanda wa Tualatin Magharibi, akakaribishwa na kina Harvey Clark, na mazungumzo ya majira hayo ndiyo yaliyozaa makao ya watoto 1848. Masharti aliyotaja: wazazi wenye uwezo walipe dola 1 kwa wiki kwa malazi, chakula, mafunzo na kufuliwa nguo. Wasio na uwezo na yatima wakae bure. Yeye mwenyewe angefanya kazi mwaka mzima bila malipo. Kutoka hapo ilitokea Tualatin Academy, iliyosajiliwa 1849, na baadaye Pacific University. Jengo lake la Old College Hall, la 1850, bado lipo Forest Grove.

Barua inasema alikanda kwa mikono yake pauni 3,423 za unga katika muda usiofika miezi 5, mwaka 1851 alipokuwa na watu 40. Idadi kama hiyo inafaa kupimwa badala ya kunukuliwa tu. Pauni 3,423 ni kilo 1,553. Kwa siku 150 ni kilo 10.4 kwa siku, na kwa vinywa 40 ni gramu 259 kwa kila mmoja. Miongozo ya njia ya magharibi ilishauri pauni 200 za unga kwa mtu mzima kwa safari ya miezi kama 5, yaani gramu 600 kwa siku. Kwa nyumba iliyojaa watoto, yenye maziwa na vyakula vingine, gramu 259 ni za kawaida. Idadi inasimama. Tena idadi kamili kiasi hicho inaonyesha mtu aliyekuwa akiandika manunuzi yake. Mtunga ngano angesema pauni elfu tatu na ushei.

Mwaka huo huo wa 1851 alitoza dola 2.50 kwa wiki. Bei ilipanda kwa sababu wanaume wa bonde walikuwa wamekimbilia dhahabu California tangu 1848 na fedha zilimiminika kurudi.

Wajukuu

Tawi la Pringle limekamilika kwa kizazi cha kwanza. Virgilia aliolewa na Fabritus Smith wa Salem. Clark Pringle alimwoa Catherine Sager 1851. Huyu ni yule binti aliyevunjika mguu kwa gurudumu la gari 1844, akafiwa na baba na mama njiani mwaka huo huo, akalelewa na Marcus na Narcissa Whitman, na akanusurika shambulio la Novemba 1847 lililowaua walezi wake na kaka zake wawili, John na Francis. Mume wake ni mjukuu wa mwanamke aliyelea yatima, na inavutia kuunganisha mambo hayo kwa hadithi moja. Hatujapata karatasi inayoonyesha kwamba Catherine alipita makao ya Tualatin, kwa hiyo kiunganishi ni ndoa tu na kinabaki hivyo.

Ndoa ya 1851 ina jambo jingine. Sheria ya ardhi ilimpa ekari 640 pia mseja aliyeoa ndani ya mwaka mmoja kuanzia 1 Desemba 1850. Ndoa nyingi za Oregon zimesongamana katika dirisha hilo, na maharusi wengi ni wadogo sana. Catherine, aliyezaliwa 1835, alikuwa na miaka 16. Katika ndoa yoyote ya mwaka huo tunafungua faili la ardhi kabla ya daftari la kanisa, kwa sababu kiapo cha ardhi kilikuwa na faida ya ekari 320 na hakikusahauliwa.

Kinachofuata

Barua ya 1854 inataja nyumba nyeupe ya mbao anayoipangisha kwa dola 100 kwa mwaka, viwanja vingine 8 vya mjini vyenye thamani ya dola 150 kila kimoja, ng'ombe 8 wa maziwa waliokodishwa kwa mgawo wa nusu ya ndama, na zaidi ya dola 1,100 anazodai watu, 400 kati yake akiwa ameziahidi chuo. Mjane ambaye sheria ya ardhi haikumhesabu aliingia kwenye daftari za kaunti kwa mlango wa viwanja.

Daftari hizo ziko kaunti ya Washington, iliyoitwa Tuality hadi 1849. Jina Forest Grove lilianza 1851, kwa hiyo hati za kabla yake zitafutwe chini ya West Tualatin. Fahirisi ni mbili, ya watoaji wa ardhi na ya wapokeaji wake. Tunaanza na ya wapokeaji kwa Tabitha Brown na T. Brown, kisha ya watoaji kwa Harvey Clark na wadhamini wa shule, kwa sababu Clark alitoa ardhi yake kwa ajili ya chuo na mji, na hati nyingi zilisajiliwa miaka kadhaa baada ya mauzo. Mirathi itafutwe mara mbili: Marion alikofia, na Washington ilikokuwa mali. Orodha ya mirathi ya 1858 ikipatikana, viwanja 8 vitahesabiwa upya kimoja kimoja kwa namba ya kitalu, na kila kilichouzwa kati ya Agosti 1854 na Mei 1858 kitawekewa jina la mnunuzi.